Tupeane uzoefu: gemu za kutisha za zamani, wahakiki walisema yao, wewe ulionja nini?

Mwanzisha uzi (Dar)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi usiku nimeirudia Resident Evil ya kwanza, ile gemu ya mazombi ya kampuni ya Capcom ya 1996 kwenye PlayStation, na kuna jambo limenikaa moyoni. Kila mapitio ninayosoma, ya enzi zile na ya leo, yanatoa hukumu ileile: hofu safi, mafumbo mazuri, jumba zuri, ila uendeshaji mzito, kamera haikupi kuona, mfuko mdogo, milango inachelewa, sauti za waigizaji mbovu. Sifa zinawekwa huku, kasoro kule, kana kwamba hazina undugu. Mimi naamini hofu ilizaliwa na kasoro hizohizo. Naomba kusikia kwenu: ulicheza wapi, na lile lililopondwa na wahakiki lilikufanyia nini?

Naanza mimi. Mwaka 2000, nipo darasa la sita, Temeke. Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa na televisheni mbili na pazia la khanga mlangoni. Televisheni kubwa ilikuwa ya mpira muda wote. Ile ndogo niliipata mchana, saa za jua kali, kila mtu akiwa kalala.

Wasioijua: mhusika hageuki upande uliobonyeza. Anageuka palepale alipo, taratibu, kama kifaru cha jeshi, ndipo aende. Na kamera imebandikwa ukutani, kwa sababu vyumba vile ni picha zilizokwisha kuchorwa, mashine haikuwa na nguvu ya kuvizungusha. Kwa hiyo unasikia miguu ya zombi ikiburuzwa kwenye kona, humwoni, na kugeuka kukimbia kunachukua muda. Wahakiki waliandika kwamba hilo ni tatizo. Mimi viganja vilikuwa vinaloa.

Halafu kuna kusevu. Unahitaji taipureta, na unahitaji riboni ya wino, na riboni ni za kuhesabu. Sasa ongezea ya kwetu: memori kadi moja ya kibanda kizima, yenye nafasi 15, na watoto wa mtaa tulikuwa wengi kuliko hizo. Nilishawahi kufika kwenye taipureta, riboni ninayo, afya ya Jill, mhusika niliyemchagua, imebaki kidogo, na kadi imejaa ligi za watu za mpira. Nikampigia magoti kijana mmoja anifutie yake. Akakataa. Nikazima mashine, nikarudi nyumbani, na kesho yake nikaanza upya.

Lakini siku mbwa walipopasua dirisha la ile korido, nilipiga ukelele hata waliokuwa kwenye mpira wakaacha, kibanda kizima kikageuka kunitazama. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na watazamaji.

Karibuni.

BintiMakadara (Mombasa)

Salaam kwenu nyote. Ndugu yangu, mie nitasema la sauti, kwa kuwa hilo ndilo linalochekwa kuliko yote.

Sisi tulicheza nyumbani, kakangu ndiye ashikaye padi, mie nashika daftari la mafumbo. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya msingi. Barry, mwenzake wa kikosi, alipokuwa akiongea na Jill, mie sikusikia mwigizaji mbovu. Nilisikia mtu mzima anayemhurumia msichana: alimtoa kwenye kile chumba ambacho dari ilikuwa ikishuka kumsaga, akampa chombo cha kufungulia milango. Nikampenda Barry kama amu yangu. Sasa ilipobainika kuwa Wesker, mkubwa wao, amemtia kitanzi, anamtishia familia yake ili awasaliti wenzake, nililia, wallahi, kakangu akanifungia dirisha majirani wasisikie.

Ukubwani ndipo nikasoma vile watu wanavyoyafanyia mzaha mazungumzo hayo. Nikatafuta habari zake. Kumbe sauti zilirekodiwa Japani na watu wazungumzao Kiingereza walioishi huko, na hata Wajapani wenyewe waliuziwa gemu kwa sauti hizo za Kiingereza, huku wakisoma Kijapani chini ya picha. Basi walisikiliza kama nilivyosikiliza mie: lugha ya wenyewe, hisia unazijaza mwenyewe. Mhakiki aliyezaliwa na Kiingereza hangeweza kuipata gemu ile niliyoipata mie, na alama alizotoa ni za gemu nyingine.

Kijana wa Buruburu

Mimi niko upande wa wahakiki, na ninasema kwa heshima.

Nilijaribu ile ya kwanza, nikajaribu ya pili ya 1998, zote nikaachia njiani. Kufyatua risasi kwa kitu ambacho kamera haikuonyeshi si hofu, ni hasira. Nilipofufuka ni 2005, Resident Evil 4, Shinji Mikami, mtengenezaji yuleyule wa ile ya kwanza, alipoileta kamera nyuma ya bega. Wahakiki waliipa alama za juu kabisa, wastani wa 96 kwa 100 pale Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, kwa toleo la GameCube, mashine ya Nintendo, na walistahili kutoa. Wanakijiji wanakuja na mapanga, unawaona wote, na bado unatetemeka. Kama hofu ingekuwa ni ya kamera mbovu peke yake, ile gemu isingetisha mtu.

Mwanzisha uzi (Dar)

Kaka wa Buruburu, umesema kweli na sitaipindisha. RE4 inatisha. Ila inatisha kwa wingi wa adui, nawe una silaha mkononi na duka la kuongezea nyingine. Ile ya kwanza inatisha kwa uchache: Chris, mhusika mwingine wa kuchagua, anabeba vitu 6 tu, Jill 8, na ufunguo nao unakula nafasi. Na angalia njia ilikoelekea baada ya hapo: risasi zikazidi, miripuko ikazidi, hadi ya sita, 2012, ambapo wahakiki walewale walilalamika kwamba hofu imepotea. 2017 ikaja ya saba, nyumba moja, risasi za kuhesabu tena, wakashangilia. Nadhani walikuwa wameanza kukikumbuka kile walichokihesabu kuwa kasoro.

Mtu wa Maskati

Assalaam aleikum. Mimi si wa Resident Evil, ni wa Silent Hill ya 1999, gemu ya kutisha ya kampuni ya Konami.

Mapitio yake yalikuwa mazuri, lakini kila mmoja alitia neno kuhusu mapigano: Harry, mhusika mkuu, anapiga ovyo, analenga vibaya, akikimbia kidogo anahema. Mimi nilikuwa na miaka 25 nilipoicheza, nina mtoto wa kwanza wa kike, miezi minne. Harry ni mwandishi, si askari, na anamtafuta binti yake. Ningetaka apigane vipi? Mimi mwenyewe ningepiga vivyo hivyo.

Na ukungu. Konami waliujaza mji mzima ukungu kwa sababu mashine haikuweza kuchora vitu vya mbali. Una redio ndogo mfukoni inayokoroma kila kiumbe kinapokaribia, na hujui kinatokea upande gani. Miaka ikapita, nikaenda Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa khareef, msimu wa manyunyu na ukungu, gari limejaa watoto, tukapanda milima ya Dhofar na ukungu ukatufunika hata sioni mbele ya boneti. Redio ya gari ikaanza kukwaruza kwa kukosa mawimbi. Niliizima haraka, mkono unatetemeka. Mke wangu akaniuliza nina nini. Binti yangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, nikamwangalia kwenye kioo mpaka tulipotoka ukunguni.

Fundi wa Dodoma

Wakuu, msiisahau ile Resident Evil iliyotengenezwa upya 2002 kwa GameCube. Mimi niliipata 2015 ilipotoka kwa mashine nyingine. Wahakiki waliisifu toka mwanzo, lakini kuna kitu ambacho sikuona wakikitolea nafasi ya kutosha.

Humo, zombi uliyemwangusha hajafa. Usipomvunja kichwa au kumchoma moto, atainuka baadaye mwekundu, ana kucha na mbio. Na kumchoma kunataka mafuta, na chupa ya mafuta inatosha mara mbili tu, kisha urudi kujaza. Mimi nimekulia kwa koroboi. Bibi alipima mafuta ya taa kwa kifuniko: haya ya kusomea, haya ya kulia chakula, yakiisha tunalala. Kwa hiyo nilicheza ile gemu nikiwa na karatasi pembeni, nimechora korido zote, naweka alama maiti ipi nachoma na ipi naiacha na kupita njia nyingine. Kuna mmoja niliyemwacha karibu na ngazi ili kuokoa mafuta. Siku tatu baadaye nilipita pale nikakuta hayupo. Niliweka padi chini, nikaenda kunywa maji.

BintiMakadara (Mombasa)

Mwenye uzi, hujatwambia. Ulimaliza lini?

Mwanzisha uzi (Dar)

Dada, nilimaliza 2009.

Pale kibandani sikuwahi. Nilifika mbali mara moja, hadi kwenye maabara ya chini, na watazamaji wangu nyuma kama kumi hivi. Sidii yetu ilikuwa imechubuka. Ule mlango unaofunguka polepole, ambao wahakiki waliuita upotezaji wa muda, ulifunguka, skrini ikawa nyeusi, tukangoja. Hakuna aliyezungumza. Tuliingoja ile giza kwa muda mrefu sana hadi mwenye kibanda akaja kuizima kwa mkono. Mwaka uliofuata kibanda kilifungwa.

Nilipoanza kazi nikanunua mashine ya zamani na sidii isiyo na mkwaruzo. Nikacheza usiku, wiki mbili, memori kadi yangu mwenyewe. Nikafika juu ya paa, helikopta imekuja, kumepambazuka, lile jitu la mwisho likapasua sakafu, Brad, rubani, akanitupia roketi. Nikafyatua, na nikapiga ukelele uleule wa darasa la sita. Hakukuwa na mtu wa kugeuka.