Tupeane uzoefu: gemu za GTA (Grand Theft Auto) za zamani na hizi mpya, kila moja inakukwamisha wapi?

Wadau, ubishi wa "San Andreas ndiyo baba lao" tumeusikia vya kutosha. Hapa tuweke vitu vya kushikika: unakwama wapi, kwa nini, unatokaje.

Naanza na adhabu ya kufeli. San Andreas (2004) haina huruma. Ukifa unaamkia hospitali, silaha zimekwenda, na misheni unaianza upya toka kwenye alama yake ya ramani. GTA IV (2008) inakutumia ujumbe kwenye simu ya Niko, mhusika mkuu, wa kurudia hapo hapo, ila bado unaanza mwanzo wa misheni. GTA V (2013) inakurudisha nyuma hatua chache tu, na ukifeli kipande kimoja mara tatu inakuruhusu kukiruka.

—

Nyongeza kwenye hilo la silaha: CJ, mhusika mkuu wa San Andreas, akiwa na uhusiano na Katie, yule muuguzi wa mji wa San Fierro, akifa hapotezi silaha. Barbara, mpenzi mwingine, anakusaidia vivyo hivyo ukikamatwa na polisi. Wengi wanamaliza gemu bila kulijua hilo.

Na ile misheni ya treni, Wrong Side of the Tracks, kosa ni kuibana treni. Wale jamaa mnaowafukuza wako juu ya mabehewa, kwa hiyo ukiwa karibu risasi za Big Smoke, mwenzako anayewapiga, zinaishia ubavuni mwa behewa. Kaa kulia, acha nafasi, kisha nenda sambamba nayo bila kuipita. Smoke akipata pembe, anamaliza mwenyewe.

—

Mnaocheza kwenye kompyuta, jihadharini na fremu, yaani picha zinazopita mfululizo kwenye skrini. Gemu hizi za zamani zimefunga mwendo wa mambo mengi kwenye idadi ya fremu kwa sekunde. San Andreas ukizima Frame Limiter (kidhibiti cha fremu) picha inalainika, lakini CJ anaogelea kama amefungwa mawe. Iache imewashwa.

IV ni mbaya zaidi kwa sababu inakusubiri mpaka misheni ya mwisho. Niko ananing'inia kwenye helikopta, unatakiwa kubonyeza kitufe haraka haraka ili apande. Mashine ikitoa fremu zaidi ya 60 hapandi, hata uvunje kibodi. Dawa: ingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha, funga fremu 30, rudia. Ukishapanda, fungua tena.

—

Kodi za ujanja (cheat codes) nazo zina mambo yake. HESOYAM ya San Andreas haina shida kubwa: afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Shida ni zile zinazobadilisha tabia za wapita njia, kama za vurugu mitaani. Ukisevu (ukihifadhi gemu) zikiwa zimewashwa, zinabaki humo. Halafu ukifika misheni ya kumwokoa mwanamuziki Madd Dogg, anajirusha kutoka juu ya jengo kabla hujasogeza gari chini yake, kila mara, na hadithi imeishia hapo. Hakuna tiba zaidi ya sevu ya zamani. V imelimaliza hili: kodi hazifanyi kazi ndani ya misheni, na ya pesa haipo kabisa.

—

Kama ya pesa haipo, basi za V zinatafutwa kwenye hisa, na hapa ndipo wengi wanajimaliza kwa haraka. Lester anampa Franklin, mmoja wa wahusika wakuu watatu, misheni tano za mauaji. Ya kwanza, ya hotelini, ni lazima kwa hadithi. Nne zilizobaki ZIACHE mpaka baada ya The Big Score, wizi mkubwa wa mwisho, wahusika wote watatu wakiwa na mamilioni.

Mfano wa Multi Target, mojawapo ya hizo nne. Sevu kwanza. Hamia kwa Michael, kisha Trevor, kisha Franklin, na kila mmoja aweke pesa zake zote kwenye hisa za Debonaire (DEB), soko la hisa la LCN. Fanya misheni, lala, tazama faida. Ikifika karibu asilimia 80 uza kwa wote watatu. Papo hapo nunua Redwood (RWC), ambayo misheni imeiangusha, na uisubiri siku mbili tatu za mchezo ipande kama asilimia 300. Kusogeza saa tumia kitanda cha Trevor: analala saa 12, Franklin 8, Michael 6 tu.

Kinachoharibu ni kusahau mhusika mmoja, au kulala mno bei ikapita kilele na kushuka. Na BAWSAQ, soko la pili la hisa, inategemea mtandao. Ukiwa nje ya mtandao, hisa za Fruit na Vapid huzigusi.

—

Mkuu, umesahau tofauti moja: mwili. San Andreas inakudai pumzi. Misheni ya Amphibious Assault haifunguki mpaka mapafu ya CJ yakue, kwa hiyo anza mapema: zama, kaa chini mpaka mstari wa pumzi ukaribie kuisha, ibuka, zama tena. IV iliondoa mazoezi na unene vyote, ikaondoa hata ndege za kuendesha. V imerudisha ndege, lakini gym ya kujaza misuli haijarudi.