Rejista inasoma 65286 wakati chumba kiko nyuzi -25

fundi_baridi:
Wakuu, habari za kazi. Sensa ya joto ya chumba cha kugandishia samaki inaongea na PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) kwa Modbus RTU (njia ya kutumiana data kwa waya), na namba inakuja kwenye rejista, yaani kisanduku cha biti 16. Juu ya sifuri hakuna shida: 43 ni nyuzi 4.3. Chumba kikishuka chini ya sifuri tu, namba inarukia elfu sitini na kitu. Sasa hivi kipimajoto cha mkono kinasema -25, rejista 65286, skrini 6528.6. Kwenye Codesys, programu ya kuandikia PLC, nimeandika:

`rJoto := UINT_TO_REAL(uGhafi) / 10.0;`

Nikitoa 65536 hesabu inakubali. Ni sahihi au nimebahatisha?

biti16:
Hujabahatisha. Biti 16 zinabeba namba 65536 tofauti, na namba hasi huandikwa kwa kuijumlishia 65536, ndiyo maana -250 inakuwa 65286. Sensa haina kosa. Kosa ni kutoka UINT (namba nzima ya biti 16 isiyo na alama ya hasi) kwenda REAL (namba yenye desimali) moja kwa moja: REAL ina nafasi ya kutosha kubeba 65286 kama ilivyo, basi inaibeba. Pitia INT (biti 16 zenye alama ya hasi) kwanza:

`iJoto := UINT_TO_INT(uGhafi);`
`rJoto := INT_TO_REAL(iJoto) / 10.0;`

UINT na INT zina upana uleule, kwa hiyo biti hazibadiliki, unabadilika usomaji tu. UINT_TO_DINT (DINT ni kama INT ila ya biti 32) ina mtego uleule wa REAL. Ukipenda kutoa 65536, fanya kwenye DINT, na pale tu namba ghafi inapozidi 32767. INT haiwezi kubeba 65536.

mzee_wa_paneli:
Naongezea: si kila kifaa kinaandika hasi hivyo. Vipo vinavyotumia biti ya juu kabisa kama alama tu, zilizobaki ni ukubwa wa namba. Sensa ya joto na unyevu AM2302 ni mfano. Kwa mtindo huo -25.0 ingekuja 33018, na UINT_TO_INT ingekupa -32518, upuuzi mtupu. Ukiwa na shaka angalia joto likiwa -0.1: ukiona 65535 ni mtindo wa kwanza, ukiona 32769 ni huu wa pili. Yako imeshajionyesha.

Halafu soma mwongozo wa sensa ujue inatuma nini waya ukikatika. Mara nyingi ni 32767 au 32768. Chuja hizo kwenye namba ghafi kabla ya kugeuza chochote. Usipochuja, 32768 inageuka nyuzi -3276.8, PLC inaona baridi imezidi, inazima kompresa, na samaki wanayeyuka bila kengele kulia.

fundi_baridi:
Imekaa, -25.0. Na mita ya umeme je? Rejista mbili, 65534 halafu 61072, kioo cha mita kinaonyesha -70000 W.

biti16:
Hapo namba moja ya biti 32 imegawanywa kwenye rejista mbili, na alama iko kwenye rejista ya juu peke yake. Ya chini iache bila alama:

`diNguvu := INT_TO_DINT(UINT_TO_INT(uJuu)) * 65536 + UINT_TO_DINT(uChini);`

Yaani -2 × 65536 + 61072 = -70000. Ukizigeuza zote mbili utapata -135536, na kosa hilo linajificha: rejista ya chini ikiwa haijavuka 32767, jibu linatoka sahihi. Kwako ya juu inakuja kwanza. Mita nyingine hutanguliza ya chini, basi badilisha nafasi tu.