Rimoti moja ya TV, king'amuzi na mziki: kwenye sauti ndo nimekwama, naombeni msaada

mwana_kirumba
Wakuu habari za jioni. Nina mzee wangu hapa Kirumba, Mwanza, macho yameanza kumsumbua na vidole navyo havina nguvu ya zamani, sasa mezani kwake kuna rimoti nne, ya TV, ya king'amuzi, ya homu thieta (mziki) na ya deki ambayo hata haitumiki siku hizi. Ikifika taarifa ya habari ya saa mbili usiku anaanza kuziokota moja moja anasogeza karibu na uso, anataka aongeze sauti anabonyeza ya king'amuzi, chaneli inahama, basi anaishia kuita mjukuu. Kwa kweli inaniuma.

Jumamosi nikaenda Makoroboi nikachukua rimoti moja ya kuseti, zile zinazosemwa zinakubali vitu vyote. Juu ina vitufe vya kuchagua kifaa: TV, STB (ndo king'amuzi), DVD (deki) na AUX (kifaa cha ziada). TV nimeweka namba ya kwenye karatasi iliyokuja nayo ikakubali mara ya pili, king'amuzi nacho nikakitafuta kwa kutembeza namba (unajaribu namba moja moja mpaka kifaa kizime) kikakubali. Shida mziki, hauna jina kubwa na kwenye karatasi haupo kabisa, nimetembeza namba karibu saa nzima mpaka kidole gumba kinauma haujazima. Rimoti yake ya zamani ipo ila kitufe cha kuongeza sauti kimekufa, cha kupunguza kinafanya kazi. Halafu juzi nimebadilisha betri, kila kitu kikafutika nikaanza upya.

Mziki umeungwa na TV kwa zile waya nyekundu na nyeupe. Natanguliza shukrani.

fundi_igoma
Mkuu pole, achana na kutembeza namba, utamaliza vidole bure. Hiyo rimoti ilivyotoka kiwandani imejazwa namba za kampuni zinazojulikana, mziki wa jina geni wanaweza wasiwe wameuweka, hata ubonyeze mpaka asubuhi hautazima. Angalia vizuri hiyo mpya kama ina kitufe cha LEARN, kama kipo wewe umeshapona, unaifundisha kutoka kwa ile ya zamani.

Ielewe hivi. Rimoti ni kataa kadogo pale mbele kanakotoa mwanga ambao jicho letu halioni. Ukibonyeza, kanawaka na kuzima haraka mno, rimoti nyingi ni mara 38,000 kwa sekunde (Sony wao 40,000), na ndani ya huko kuwaka kuna namba mbili, moja inasema ni kifaa gani, nyingine inasema umebonyeza nini. Mziki ukisikia namba ambayo sio yake unanyamaza. Kwa hiyo rimoti inayojifunza haihitaji kujua mziki wako unaitwaje, yenyewe inatazama ile ya zamani inavyopepesa inakariri.

Namna ya kufanya: weka rimoti mbili mezani zitazamane kichwa kwa kichwa, ziache sentimita tatu hivi, zisiguse. Usifanyie dirishani kwenye jua wala chini ya taa kali, mwanga unaingilia inakariri takataka. Bonyeza LEARN mpaka taa nyekundu iwake, gusa kitufe unachotaka kukifundisha kwenye mpya, halafu bonyeza chenyewe kwenye ya zamani, taa ikipepesa ujue imeshika. Zingine zinataka ushikilie sekunde mbili tatu, soma karatasi yako. Na betri za zote mbili ziwe mpya, betri ikichoka mwanga unakuwa hafifu, utaona imekubali kumbe imeshika nusu.

Sasa kwenye hicho kitufe kilichokufa. Kwanza fungua kamera ya simu, elekeza kwenye kataa ka rimoti ya zamani ubonyeze, kama kinatuma utaona mwanga wa zambarau kwenye kioo cha simu (simu zingine kamera ya nyuma inauchuja huo mwanga, jaribu ya mbele). Ukiona giza kwenye kuongeza sauti na vitufe vingine vinatoa mwanga, basi ni ile rangi nyeusi inayopitisha umeme chini ya mpira imekwisha. Fungua rimoti, toa mpira, safisha kwa pamba na spiriti kidogo, acha ikauke. Kata kipande kidogo cha karatasi ya fedha ya kwenye pakiti ya sigara, pale chini ya kitufe utaona njia mbili nyeusi zimekaa kama vidole vya mikono miwili vilivyopishana bila kugusana, wewe hicho kipande kigandamize juu yake na kijiti, zikigusana namba inatoka hata mpira usiwepo. Na hapa huhitaji kutengeneza ya kudumu, unataka itume mara moja tu hiyo mpya ishike.

dada_nyegezi
Fundi kaeleza vizuri. Mi naongeza jambo moja ambalo ndo litamwokoa mzee maana hata ukifanikisha hayo yote bado atahangaika: usiufundishe mziki kwenye AUX. Ukiuweka huko itabidi mzee abonyeze AUX kwanza ndo aongeze sauti, akitaka chaneli arudi STB, na mtu wa macho hafifu hawezi kukumbuka yupo wapi. Ingia STB, humo humo ndani fundisha vitufe vya sauti vitume namba ya mziki. Chaneli zitabaki za king'amuzi na sauti itakuwa ya mziki, hagusi kitu kingine. Mama yangu nilimfanyia hivyo, sasa hivi anafungua mwenyewe asubuhi kabla sijaamka.

Ila chunguza hizo waya nyekundu na nyeupe zimechomekwa wapi nyuma ya TV. Kama zimetoka kwenye tundu la hedifoni, ukipunguza TV hadi sifuri na mziki unanyamaza, utadhani umeharibu. Iache TV katikati halafu sauti yote iongezwe kwenye mziki.

Na kama siku moja mtabadilisha mziki tafuteni wenye HDMI iliyoandikwa ARC, na TV nayo iwe na tundu lililoandikwa hivyo. Unawasha CEC, ile inayopeleka amri kati ya vifaa, kwenye seting za TV (Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync), hapo rimoti ya TV yenyewe inaongeza sauti ya mziki. Kwa waya zako za sasa hiyo haiwezekani, zile zinabeba sauti tu hazipeleki amri.

mwana_kirumba
Aisee LEARN ipo, nilikuwa nakiona hicho kitufe sijui kazi yake. Swali kabla sijafungua ya zamani, je pawa naweza kufundisha kitufe kimoja kiwashe vyote vitatu? Na nikibadilisha betri vitafutika tena?

nansio_visiwani
Kaka habari, mi niko Ukerewe huku natumia sola, hayo mambo ya betri na kuzima nimeyapitia sana.

Pawa ya pamoja nakushauri uache. Kwenye vifaa vingi kuwasha na kuzima ni namba ile ile moja, sasa ikitokea TV iko wazi na mziki umezimika, ukibonyeza kitufe cha pamoja TV inazima mziki unawaka, vinapishana hivyo hivyo mpaka mtu ainuke. Umeme ukikatika ukarudi ndo balaa, mziki mwingine unarudi ukiwa unaongea na TV imelala. Mi mziki nauacha umewashwa muda wote, nazima kwenye swichi ya ekstensheni ukutani nikimaliza, rimoti inabaki na pawa ya TV na ya king'amuzi basi.

Betri: rimoti za bei ya chini nyingi zinashikilia kumbukumbu kwa sekunde chache tu bila betri. Andaa mpya mkononi zikiwa zimetolewa kwenye karatasi, toa za zamani weka mpya hapo hapo, na katikati usiguse kitufe chochote maana ukibonyeza ule umeme kidogo uliobaki unaisha. Namba za TV na king'amuzi ziandike kwenye kikaratasi ubandike ndani ya mfuniko wa betri. Ila ulichofundisha kwa LEARN hakina namba ya kuandika, kikifutika unarudi kwa ya zamani. Kwa hiyo ile ya zamani usiitupe hata siku moja, toa betri zake zisije kuvuja zikala vyuma, ifunge kwenye mfuko pamoja na kile kipande cha karatasi ya fedha uweke kabatini.

mwana_kirumba
Wakuu nimerudi. Jana jioni nimeifungua ile ya zamani, kweli chini ya kitufe cha kuongeza sauti mpira umebaki mweupe, ile rangi nyeusi hamna kitu. Spiriti peke yake haikusaidia. Nikakata ile karatasi ya fedha, mara ya kwanza nilikata kubwa ikagusa na njia za kitufe cha jirani taa ikawa inapepesa vibaya, nikapunguza ikawa kama punje ya mchele. Nikaigandamiza na njiti ya kiberiti huku dogo kashika simu anaangalia kwenye kamera, akasema baba inawaka. Tukazipanga kichwa kwa kichwa, mara ya tatu ndo ikashika.

Nimefanya kama dada alivyosema, sauti zote ndani ya STB. Waya kumbe kweli zilikuwa kwenye tundu la hedifoni, TV nimeiacha nusu. Pawa ya mziki sijaiweka kabisa. Halafu nimechukua selotepu nyeusi nimefunika TV, DVD na AUX asije akabonyeza akahama, na kwenye kitufe cha kuongeza sauti nimeweka tone la gundi likakauka, ili akipapasa akisikie kwa kidole bila kuangalia.

Saa mbili nikampa mkononi sikumwelekeza kitu. Akapapasa, akapata lile tone, akabonyeza mara nne, akaiweka gotini akawa anasikiliza habari zake. Wabeja sana wote, dada na fundi na wa Ukerewe.

fundi_igoma
Safi sana mkuu. Hiyo ya tone la gundi naichukua, nina wateja wazee wengi. Baada ya wiki mbili hivi liguseguse uone kama bado limeshika, likibanduka chukua kiberiti cha gesi upashe kitu chenye ncha utoboe kitundu kidogo pembeni ya kitufe, kwenye plastiki sio kwenye mpira, hicho hakibanduki.