Naombeni ushauri: nimeandika kitabu cha pembea za zamani, barazani wamesinzia. Kwa watoto wa skuli nifanyeje?

MzeeWaKikwajuni:

Assalamu alaykum.

Mie nimekaa Copenhagen, Denmark, miaka 23, nikisafisha maofisi usiku. Sasa nimerudi nyumbani Unguja. Watoto wamebaki kule, magoti mabovu ndiyo nimerudi nayo. Wenzangu walikuwa na mpira na karata zao. Ugonjwa wangu mie ni pembea, hivi vyombo vya kupanda watu kwenye viwanja vya sikukuu. Si hizi za leo zenye taa za kuumiza macho, nasema zile kongwe za mbao, ukikaa unazisikia mbao zinalia chini yako.

Ndani ya Tivoli, uwanja wa pembea katikati ya mji, ipo moja tangu 1914. Ni treni inayopandishwa kilima cha kujengwa kisha ikaachiwa, ikateremka na kupanda tena kwa uzito wake yenyewe. Injini haina. Na breki zake ziko mikononi mwa mtu anayepanda pamoja na abiria. Akiona mwendo umezidi, anavuta. Siku ya kwanza kumwona nilicheka peke yangu: utingo wa gari ya shamba, kavaa sare! Nilikata tiketi mara tatu siku ile nimtazame mikono tu.

Kaskazini ya mji kuna Bakken, msituni, na hiyo ilianza 1583. Watu walikuwa wakifuata maji ya chemchemi wakiamini yanaponya. Penye watu wakaja wauza vyakula, penye vyakula wakaja wapiga sarakasi, na maji hakuna aliyeyakumbuka tena. Nikiwa pale nikijiona niko Mnazi Mmoja sikukuu pili, ila meno yakigongana kwa baridi.

Basi nimeandika. Kurasa 140 kwa mkono, mkwe wangu ananipigia chapa. Imo Coney Island ya New York, pale LaMarcus Thompson alipoweka reli yake 1884: senti 5, mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa, baiskeli inaipita, na watu walipanga foleni vivyo hivyo. Limo gurudumu la Chicago la 1893, mita 80 kwenda juu, vyumba 36, kila kimoja kinachukua watu 60. Limo la Vienna la 1897 ambalo mpaka leo linazunguka.

Nikaenda nacho barazani. Ukurasa wa nne mmoja kasinzia. Mwengine kaniuliza, "Sasa hiyo Koni Ailandi na bei ya mchele vimekutana wapi?"

Na kuna skuli moja hapa mjini imenialika nizungumze na darasa la sita, dakika 40, wiki ya pili baada ya sikukuu. Nina hofu kuliko siku ya nikahi yangu. Nianzie wapi? Ile treni ya kupanda na kushuka niiite nini kwa Kiswahili? Kitabuni nimeandika "reli ya mawimbi". Na zile picha nilizozikuta kwenye intaneti, naruhusiwa kuzitia?

KijanaWaAmani:

Shikamoo mzee. Nisamehe nikisema wazi. Hao darasa la sita wameshaona video ya mtu kakaa siti ya mbele kabisa, kichwa chini miguu juu, hata kama simu ni ya mama. Ukiingia na karatasi ukaanza "mnamo mwaka 1884", dakika ya tatu wanachorana migongoni.

BintiChake:

Shikamoo babu. Kosa umeanzia New York. Anzia sikukuu. Waulize nani kaenda kwenye pembea za Kariakoo hapo Unguja sikukuu hii, nani katapika, nani kamaliza pesa zake zote za sikukuu siku ya mosi akabaki kuwatazama wenzake. (Huku kwetu Pemba wangekujibu Tibirinzi.) Watapiga kelele dakika kumi nzima, mwalimu atanuna, mwache anune.

Mie kijijini kwetu pembea ilikuwa kamba na mwembe. Kaka zetu wakizifunga usiku wa kuamkia sikukuu, asubuhi unapanda na kanzu yako mpya, wenzako wanakuimbia. Wimbo ukisha unashuka, apande mwengine. Saa hatukuwa nayo, wimbo ndiyo tiketi. Kulikuwa na dada mmoja tukimpenda, basi wimbo wake tukiuvuta vuta usiishe, na mwengine tukimwimbia mbio mbio ashuke! Hiyo nayo ni pembea kongwe, mbona haimo kitabuni?

Ama hilo jina, "reli ya mawimbi" limekaa kishairi, lakini Pemba reli hatuijui. Kitu chenyewe lakini tunacho, kinaitwa barabara ya zamani ya Chake na Wete. Panda gari, kaa nyuma kabisa, halafu utuambie kama Tivoli ina jipya.

Maalim_Mstaafu:

BintiChake, Unguja reli tulikuwa nayo. Gari moshi ya Bububu ilianza 1905, ikitoka pale Ngome Kongwe. Kwa hiyo jina la mzee mwenzangu lina nasaba. Mie nalipitisha.

Ila kuhusu kuanzia, nina jambo jengine. Watoto wale wamesikia habari ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga jumba alimokuwa Sayyid Khalid, vita visivyofika saa moja. Mle jumbani mlikuwa na bunduki za Maxim. Sasa huyo Hiram Maxim aliyeivumbua bunduki hiyo alishikwa pia na hamu ya kutengeneza chombo cha kuruka angani. Hamu hiyo ilimla fedha nyingi. 1904 akabuni pembea: vidau vinaning'inia kwa nyaya kwenye mlingoti mkubwa, ukizunguka vinatanuka nje kama kanzu ya mtu anayecheza. Moja iko Blackpool, Uingereza, na bado inapakia watoto.

Mtu mmoja, akili moja. Mie ningewapa hilo, nikanyamaza nikawatazama nyuso.

FundiChuma:

Mnampa hadithi juu ya hadithi. Mzee, nenda na kitu cha kushika.

Tafuta mpira wa kumwagilia maji, mita tatu, uupasue kwa urefu uwe mfereji. Chukua gololi. Ncha moja iweke juu ya meza ya mwalimu, katikati mtoto aunyanyue kidogo uwe kilima, halafu wengine nao wafanye vilima vyao. Achia gololi. Kilima cha pili kikiwa juu kuliko cha kwanza, gololi inarudi nyuma. Usiwaambie kwa nini. Waache wagombane, wateremshe, wapandishe, mpaka ipite yote. Hapo watakuwa wamefahamu wenyewe kwamba kilima cha kwanza lazima kiwe kirefu kuliko vyote, kwa sababu njiani msuguano unaila ile nguvu kidogo kidogo na hakuna pa kuongeza nyengine.

Halafu ndipo umlete Thompson wako. Waambie kwake abiria walipanda ngazi kwa miguu yao mpaka juu ndiyo wakakaa, gari ikifika mwisho wanateremshwa, inasukumwa juu ya mnara wa pili, wanapanda tena warudi. Watoto watacheka, senti tano zote hizo na ngazi upande mwenyewe.

KijanaWaAmani:

Hii ya gololi hata mie nataka.

Somoe_Ughaibuni:

Salaam kutoka Maryland. Picha kwanza. Zilizochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita hazina tena mwenye haki, tumia. Maktaba ya Bunge la Marekani ina picha nyingi za Coney Island za mwanzoni mwa miaka ya 1900, unazipakua bure na ni safi kuliko hizo zilizorushwa rushwa mitandaoni. Picha za juzi za watu usiziguse. Zako ulizopiga mwenyewe ndizo nzuri zaidi, hata kama kidole kimeingia. Na mswada usajili COSOZA, wale wa hakimiliki hapo Zanzibar, kabla hujaanza kuwagaia watu.

La pili ni suali. Karibu na ninapokaa, Baltimore, palikuwa na uwanja wa pembea ukiitwa Gwynn Oak. Watu weusi hawakuruhusiwa kuingia. Watu waliandamana miaka, wakakamatwa kwa mamia, mpaka ulipofunguliwa kwa wote tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile Martin Luther King alipohutubia Washington. Mtoto mweusi wa mwanzo kupanda farasi wa mbao pale alikuwa wa miezi 11, baba yake amesimama ubavuni kamshikilia. Farasi wale walihamishiwa Washington, kwenye uwanja wa Mall karibu na majumba ya makumbusho, nimewapandisha wanangu.

Kitabu chako kina pembea ngapi, na zipi tungepandishwa sisi?

MzeeWaKikwajuni:

Nimekawia kujibu. Nilikuwa nazunguka chumbani.

Somoe, upo ukurasa niliuandika kisha nikautoa. 1905 Tivoli walifanya maonyesho ya makoloni yao. Wakaletwa watoto wawili kutoka St. Croix, kisiwa cha Karibi kilichokuwa chini ya Denmark: Victor Cornelins wa miaka 7 na Alberta Roberts wa miaka 4. Wakawekwa watazamwe. Victor hakuwa akitulia, akitoka naye akatazame vya wenzake, kama mtoto yeyote. Wakawafungia wote wawili ndani ya kizimba, kama wanyama.

Mie nikiwapeleka wanangu pale mara mbili kwa mwezi, nawanunulia puto, na habari hii nimeshaijua. Sikuwaambia hata siku moja. Nikakaa kwenye treni yangu ya 1914 nikafurahi. Nikiusoma ukurasa huo mbele ya watu, wataniuliza sasa wewe unapenda nini pale. Ndiyo nikautoa.

Victor alikua huko huko, akasomea ualimu, akasomesha watoto wa Kidenishi mji wa Nakskov.

BintiChake:

Babu, mie nasema kwa watoto liache. Wametoka kwenye sikukuu, bado wana hina mikononi. Liweke kitabuni kwa wakubwa.

MamaNasra:

Shikamoo baba. Mie nasomesha darasa la sita mwaka wa kumi na moja huu, na nampinga dada yangu wa Chake kwa heshima zote. Watoto hawa wana umri wa miaka 11, 12. Nusu yao nyumbani wana mdogo wao wa miaka minne wanayembeba. Waambie umri wa Alberta tu, huna haja ya kupandisha sauti.

Ila mpango wako uwe hivi: kelele za sikukuu mwanzo, gololi, Thompson na ngazi zake, na hapo wakiwa wamechangamka ndipo habari ya Victor, mpaka alipokuwa mwalimu. Usiifanye ya mwisho, wakaenda nayo mapumziko. Mwisho wape ile kazi ya jina. Kila meza ibuni jina la hiyo treni kwa Kiswahili, wapige kura. Ukiwapa "reli ya mawimbi" umewapa msamiati, wakilitunga wenyewe watalitumia mpaka nyumbani. Maalim asikasirike.

Bunduki ya Maxim iwe akiba. Wavulana wa nyuma wakianza fujo, itoe.

Maalim_Mstaafu:

Sikasiriki. Lakini nitapenda kuyajua hayo majina.

MzeeWaKikwajuni:

Haya. Ukurasa nimeuomba kwa mkwe wangu aurudishe pahala pake. Kasema alikuwa hajaufuta, alijua nitaurudia.

Pembea ya mwembe nayo naiandika, BintiChake, kwa ruhusa yako, na yule dada mliyekuwa mkimuimbia mbio mbio pia namtia. Jina lake sitolitaja.

Limebaki moja. Watoto wakiniuliza, baada ya kizimba, kwa nini napapenda bado?

BintiChake:

Mtie tu babu, jina lake mwenyewe sitokwambia.

Nami nimeshindwa na Mama Nasra, yaishe. Wakikuuliza, waambie habari ya mikono ya yule wa breki.

FundiChuma:

Mzee, usinunue mpira. Ninao wa zamani hapa karakana, nimeshaupasua, na gololi sita. Darajani, nyuma ya wauza kuku, uliza fundi wa mageti. Usije mchana, nakuwa nimelala.

KijanaWaAmani:

Gololi tano. Moja nimeshaijaribu imeingia chini ya kabati.