Nilimwongoza sala ya toba mama aliyefiwa alfajiri ileile. Nimtafute au nimwache?

Kijana wa Tabata (mwanzisha uzi)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wakuu wengine wote salaam.

Niko timu ya uinjilisti kanisani kwetu, huu mwaka wa tatu. Kila Jumamosi tunaenda hospitali, tunagawana wodi, jioni tunajaza daftari: jina, namba ya simu, ameokoka au bado. Jumapili idadi inasomwa, vigelegele vinapigwa.

Wiki tatu zilizopita nilimkuta mama kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, amepakata hotpoti iliyofungwa kwa kanga. Nikakaa, nikafungua Biblia, nikamweleza habari za wokovu kama robo saa. Kila nilipouliza aliitikia "ndiyo". Sala ya toba aliifuatisha neno kwa neno, sauti haipandi wala haishuki. Nikaandika jina lake. Nikamwambia leo mbinguni ni furaha. Akasema, "Asante baba."

Mara nesi akatoka na mfuko wa nguo za mtoto, akamkabidhi, akamwambia ndugu zake wanamsubiri mochwari.

Mtoto alifariki alfajiri. Kwenye hotpoti ulikuwa uji aliomletea, akaambiwa mlangoni. Nami sikuwa nimemuuliza hata anamuuguza nani.

Kiongozi wetu anasema mbegu imeshapandwa, nisijitese. Jumapili jina lilisomwa pamoja na mengine, nikashindwa kukaa, nikatoka nje. Namba yake ninayo. Nimpigie? Nikimpigia niseme nini?

Shamba la Bwana
Mpendwa, usimpe shetani nafasi. Warumi 10:14, "wamsikieje pasipo mhubiri?" Ulitumwa kuhubiri na umehubiri. Wangapi wanakufa wodini bila kuambiwa neno? Mfuatilie mama huyo, mlete ibadani, Mungu atamfariji hukohuko.

Nesi wa zamu
Pole kijana. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, naomba unisikilize. Mama aliyetoka kufiwa ukimwambia simama, anasimama. Ukimwambia weka sahihi hapa, anaweka. Ile "ndiyo" yake msiihesabu, alikuwa hayupo pale.

Kuna mama mmoja wa kanisa huja kwetu kila wiki. Anabeba sabuni za vipande, pampasi, na chupa ya chai. Swali lake la kwanza kwa wanaouguza ni "Umekula?" Wengi hawajala, maana hela yote imeishia kwenye dawa, na wamelala chini ya kitanda cha mtoto siku ya nne. Anakaa na mtoto ili mama akaoge. Akija mara ya pili au ya tatu, wenyewe wanamwomba awaombee. Sijawahi kumwona na daftari.

Mzee wa Bagamoyo
Tumsifu Yesu Kristo. Shamba la Bwana, mwanangu, hujakosea kwamba Neno lazima lisemwe. Lakini soma Luka 7, mjane wa Naini anayekwenda kumzika mwanawe wa pekee. Bwana alipomwona alimhurumia. Hakumuuliza imani yake, hakumtaka atubu kwanza. Na neno la Kigiriki lililotumika pale linatokana na matumbo. Ni ile huruma inayokukata tumboni, ukishaipata huwezi kuendelea na ulichokuja nacho.

Hapa kwetu mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868. Walikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawalisha, wakawatibu, wakawafundisha kazi. Makaburi ya wamisionari bado yapo, wengi walikufa vijana. Ni huruma iliyowagharimu. Hata hivyo nikipita pale hujiuliza: mtoto aliyekombolewa, asiye na kwao pa kurudi, angewezaje kusema hapana? Mwenye shida ukimshika mkono, mwachie na nafasi ya kukukatalia.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Walianza kukosea walipofungua vinywa. Kijana, nenda ukakae.

Binti Pangani
Mimi ni Muislamu, mniwie radhi kuingia. Mama yangu alipolazwa, mtu mmoja wa kanisa alimwambia anaumwa kwa sababu hajamjua Yesu. Mama aligeukia ukutani. Mwingine alimkuta anatapika, akamshikia beseni, akaenda kulimwaga, akarudi na maji ya kusukutua. Dini hakuitaja. Mpaka leo sahani yake ya pilau ya Idi inakwenda kwake, na mama humuuliza mambo ya Nabii Issa kwa hiari yake.

Mpigie kaka yangu. Msiba ni msiba. Kampe pole.

Kijana wa Tabata
MREJESHO. Nilipiga. Nikasema, "Mama, mimi yule kijana wa benchi. Sikukuuliza habari za mtoto, naomba unisamehe." Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akanielekeza nyumbani kwake Chanika.

Nilikwenda na mama yangu mzazi, tukabeba mchele, sukari na rambirambi kidogo. Wao walikaa kwenye mkeka, mimi nikachota maji maana ndoo zilikuwa tupu. Alitutajia jina la mtoto. Alikuwa na miaka minne, uji hanywi mpaka uwekwe ndimu. Alilieleza hilo la ndimu mara tatu, na mama yangu kila mara aliuliza kama ndiyo kwanza analisikia.

Tulipoaga akaniuliza, "Siku ile ulikuwa unanisemesha nini? Sikusikia hata neno." Nikamwambia tutaongea siku akipenda. Akasema nije Jumamosi, bomba la nyuma limeharibika.

Jina lake nimelifuta kwenye daftari. Kiongozi ameniita Alhamisi nikajieleze. Mniombee.