Mrejesho: picha za maporomoko ya Kakombe, Gombe

Wakuu, niliuliza kwa nini maji ya Kakombe yanatoka meupe pee kwenye picha zangu. Nimerudi Kigoma jana, asanteni sana.

Nilifuata ushauri wenu: stendi ya kamera, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100 na shata kubaki wazi nusu sekunde, nikafika asubuhi kabla jua halijapenya msituni. Maji yametoka kama nyuzi za hariri! Kichujio cha polaraizi nacho kimeondoa mng'ao kwenye mawe.

Kilichoshindikana ni majani: upepo wa maporomoko yenyewe unayatikisa, yametoka ukungu. Kwa ISO 800 na 1/15 ya sekunde majani yalitulia kidogo, ila maji yakapoteza ulaini. Na aliyesema nibebe kitambaa kikavu, Mungu akubariki. Manyunyu yalijaa kwenye lenzi kila baada ya picha mbili.