Kuvuka mlima wa Snoqualmie (jimbo la Washington, Marekani) dhoruba ikiwa njiani: minyororo mingapi ya tairi, na saa ipi?

Msukani206: Wakuu, salaam. Mzigo unatoka bandari ya Tacoma kwenda Spokane kwa barabara kuu ya I-90. Kichwa ni dabo difu (ekseli mbili zinazosukumwa na injini), trela ina ekseli mbili. Utabiri: mvua kubwa Seattle, theluji Snoqualmie usiku, halafu joto linapanda na huko juu pia inageuka mvua. Si afadhali kungoja hiyo mvua ndipo nivuke? Na minyororo nibebe mingapi?

Mzee wa Mizani: Mkuu, saa ya kugeuka mvua ndiyo mbaya kuliko zote. Barabara pale juu ina futi 3,022 tu (mita 921), na upande wa mashariki, Ellensburg na Yakima, hewa baridi hutuama kama maji kwenye beseni. Dhoruba ikisogea kutoka Pasifiki, baridi hiyo huvutwa kupitia mwanya wa mlima kuelekea Seattle. Joto linapita juu, baridi inabaki chini. Tone linashuka likiwa maji, likigusa lami linaganda. Kwa macho lami imelowa tu! Angalia maji yanayorushwa na tairi za lori la mbele: yakikatika ghafla na barabara bado inang'aa, hiyo ni barafu. Kwa hiyo kabla ya kupanda, tazama upepo wa kule juu. Ukiwa bado unatoka mashariki na joto ni sifuri ya Selsiasi au chini yake, kaa North Bend, mji ulio chini ya mlima upande wa Seattle. Ukigeukia magharibi joto hupanda haraka, ila mvua juu ya theluji mpya huleta maporomoko na barabara inaweza kufungwa. Piga 511 kwanza, namba ya simu ya hali ya barabara.

Cheni_Kamili: Minyororo beba saba. Minne ya difu: ama tairi zote nne za ekseli moja, ama tairi moja kila upande kwa ekseli zote mbili. Mmoja wa trela, ekseli ya mwisho au inayoitangulia. Miwili ya akiba. Kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 1, kati ya nguzo za maili 32 na 101 za I-90, gari la zaidi ya pauni 10,000 lazima liwe nayo, na kutofunga ukiamriwa ni dola 500.

Kufunga: ncha za vikulabu zitazame nje, zisichome tairi. Anza na ndoano ya ndani, ndiyo inayowashinda wengi gizani. Kaza, sogea maili moja, simama ukaze tena, kwa sababu mnyororo hulegea ukishakaa. Ukiachwa umelegea hukatika na kupasua mabomba ya hewa. Usizidi maili 30 kwa saa.

Msukani206: Asante sana. Na breki ya injini kwenye mteremko?

Mzee wa Mizani: Zima, na kruzi (mwendo wa kujiendesha) pia. Kwenye barafu breki ya injini hushika tairi za difu peke yake, trela inakusukuma, kichwa kinakunjika kuelekea trela. Shuka kwa gia ndogo tangu juu. Ukishatoka kwenye tope la theluji, kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke kabla ya kuegesha, la sivyo asubuhi zitakuwa zimeganda kwenye ngoma za breki. Kama unarudi na trela tupu na upepo ni mkali, usipande kabisa.